Kuchora na kupaka rangi mandala Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayeanza, na ya yule aliyekwishachora mbili tatu akakwama. Vipimo vyote ni vya karatasi ya A4, kwa sababu ndiyo utakayoipata steshenari yoyote kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Makambako. Mwenye haraka asome kwanza namna ya kugawa duara, kwenye jibu la "Nianzeje?" Matatizo mengi yanayoonekana kama ya mkono au ya rangi huwa yameanzia hapo.

Mandala ni nini hasa?

Ni mchoro wa duara unaoanzia kwenye kitovu na kutanuka kwa pete. Kila pete hugawanywa vyumba vilivyo sawa, na umbo moja hurudiwa katika kila chumba. Asili yake ni India, ambako Wahindu na Wabudha wameutumia katika ibada kwa karne nyingi. Watawa wa Tibet huutengeneza kwa mchanga wa rangi, wakiudondosha kidogo kidogo kwa mrija mwembamba wa chuma uitwao chakpur, na kazi ikikamilika huufagia mchanga wote. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alichora mandala yake ya kwanza mwaka 1916 na akaandika mengi juu ya michoro hii. Leo wengi wanaoichora hawaichori kwa ibada. Wanaipenda kazi ya mkono inayojirudia taratibu mpaka ukurasa unajaa.

Je, nikichora nitakuwa nafanya ibada ya dini nyingine?

Wakristo na Waislamu huuliza hili kwa uzito uleule, na ni swali la haki. Pete, miale na petali ni jiometri. Duara lililogawanywa sawasawa lipo kwenye madirisha ya vioo ya makanisa makuu ya Ulaya, na lipo kwenye nakshi za misikiti kutoka Moroko hadi Iran. Kinachoifanya mandala iwe chombo cha ibada ni alama za miungu na matendo yanayoambatana nazo. Kama dhamiri yako inasita, achana na vitabu vyenye sanamu za miungu au herufi za Kisanskriti, uanze na ua la pareto au la alizeti. Raha ya kuchora haitapungua hata kidogo.

Nahitaji vifaa gani?

Mkebe wa hesabu wa mwanafunzi unatosha, maana una bikari, rula, kipimapembe na pembetatu. Ongeza penseli ya HB, ufutio mweupe ulio laini, kalamu nyeusi ya ncha nyembamba, kichongeo chenye wembe mkali na boksi la penseli za rangi 12. Ule ufutio mgumu ulioko nyuma ya penseli usiutumie, kwa sababu unakwaruza karatasi, na wino ukipita hapo baadaye unasambaa.

Bikari ndicho kifaa cha kuchagua kwa makini, na uijaribu dukani kabla ya kulipa. Ifungue sentimita 9, chora duara, kisha lizungushe lilelile mara ya pili bila kugusa kitu. Mistari miwili ikilaliana, nunua. Ikiachana, kiungo kimelegea na kitakusumbua kila siku. Angalia pia mahali penseli inaposhikwa: kama skrubu haiibani sawasawa, viringisha kipande cha karatasi kwenye penseli kisha uikaze.

Karatasi ya rimu inafaa, au lazima ninunue ya kuchorea?

Ya rimu, yenye gramu 80, inafaa kwa mazoezi na kwa penseli za rangi. Maka peni zinapenya hadi upande wa pili, na rangi za maji zinaikunja. Kwa kazi unayotaka kuitunza tafuta karatasi nene ya gramu 160 au zaidi, au nunua manila nyeupe uikate vipande vya A4. Pitisha kidole kwenye manila kabla ya kununua: yenye uso unaoteleza sana haishiki penseli ya rangi, utapaka na kupaka na rangi haitakolea.

Nianzeje? Naomba hatua zote.

Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Duara la nusukipenyo cha sentimita 9 linakaa vizuri na kuacha pembezoni sentimita moja na nusu kila upande. Unganisha kona kwa kona kwa mistari miwili hafifu sana. Inapokatana ndipo kitovu kilipo. Bandika hapo kipande kidogo cha selotepu kabla ya kuchoma bikari. Usipoweka selotepu, tundu linapanuka kila unapochora duara jipya, na pete za mwisho hazitakuwa na kitovu kimoja na za mwanzo.

Sasa chora pete zako kwa penseli, ukianza na ndogo: nusukipenyo cha sentimita 1, kisha 2.5, 4.5, 7 na 9. Mapengo hayalingani, na ni kwa makusudi. Pete zikiachana kwa umbali uleule mchoro unakuwa bapa, jicho halioni pa kupumzikia.

Pitisha mstari wa wima katikati ya kitovu, na mwingine wa mlalo kwa kutumia pembetatu ili pembe iwe nyuzi 90 kamili. Rudisha bikari kwenye sentimita 9 zilezile za pete ya nje. Weka ncha pale mstari wa wima unapoikata pete hiyo juu, tia alama upande mmoja, hamia kwenye alama hiyo, tia nyingine, na uendelee hivyo. Baada ya hatua sita utakuwa umerudi ulikoanzia, kwa sababu nusukipenyo cha duara lolote huingia mara sita kwenye mzunguko wake. Kisha anza upya kutoka pale mstari wa mlalo unapoikata pete, utapata alama sita nyingine katikati ya zile za kwanza. Zote ni 12, kila moja nyuzi 30 kutoka kwa mwenzake. Ziunganishe kupitia kitovu, na miale yako imekamilika.

Anza kuchora maumbo kutoka ndani. Kati ya pete ya sentimita 1 na ya 2.5, chora petali 12 ambazo ncha zake zinagusa mwale na vitako vyake viko katikati ya mwale na mwale. Pete inayofuata fanya kinyume: ncha zikae katikati ya miale, na petali zenyewe zionekane zinachomoza nyuma ya zile za kwanza. Kupishana huku ndiko kunakoipa mandala kina, na kukiacha ni kosa la kawaida la wanaoanza. Pete ya tatu iache iwe nyepesi: vitone, matao madogo au mistari sambamba. Ya nje ipe umbo kubwa moja tu.

Chora umbo moja kuzunguka duara lote kabla ya kuanza umbo jingine. Na usiende kwa mfuatano. Fuata namba za uso wa saa: anza penye 12, nenda 6, kisha 3, kisha 9, halafu ndiyo ujaze zilizobaki. Ukienda kwa mfuatano mkono unabadilisha umbo kidogo kidogo bila wewe kujua, na petali ya mwisho inakutana na ya kwanza hazifanani. Zungusha karatasi, mkono ubaki palepale.

Alama yangu ya mwisho haikutani na ya kwanza. Kwa nini?

Bikari imefunguka au imejifunga njiani. Kwenye duara la sentimita 9, ikizidi milimita moja tu, baada ya hatua sita utakuwa umepitiliza karibu milimita 7. Kwa hiyo pima hilo pengo la mwisho, ligawe kwa saba, na utajua kiasi cha kurekebisha. Usijaribu kusawazisha kwa macho kwa kuisogeza ile alama moja ya mwisho. Chumba kimoja kitabaki chembamba na kitaonekana hata baada ya kupaka rangi.

Kama umerekebisha na bado inakataa, kagua ncha ya penseli. Penseli iliyochongwa mviringo huchora upande mmoja mbali na mwingine karibu. Ichonge upande mmoja tu, kama patasi, bapa likitazama nje.

Sina bikari. Naweza kuchora?

Ndiyo. Funika sahani au bakuli juu ya karatasi uzungushe penseli. Tatizo ni kupata kitovu, na hapa kuna njia nzuri isiyohitaji hesabu. Chukua daftari lenye kona ya mraba isiyokunjika, weka ile kona juu ya mstari wa duara, na tia alama mahali kingo mbili za daftari zinapolikata duara. Unganisha alama hizo mbili: huo ni mstari unaopita kwenye kitovu. Sogeza kona sehemu nyingine ya duara urudie. Mistari miwili inapokatana ndipo katikati. Inafanya kazi daima, mradi kona iwe nyuzi 90 kweli.

Njia ya pili ni kukata duara na kulikunja. Likunje nusu mara tatu na utapata vyumba 8. Likunje nusu mara moja, kisha hiyo nusu uikunje iwe sehemu tatu sawa kama koni, utapata 6. Koni hiyo ikikunjwa tena inakuwa 12. Watoto hupenda zaidi njia hii.

Niigawe sehemu ngapi?

Inategemea unataka nafasi kiasi gani. Kwenye pete ya sentimita 9, ukigawa 12 kila chumba kinapata upana wa karibu sentimita 4.7, ukigawa 16 kinapata 3.5, ukigawa 24 kinapata 2.4. Hapo panaonekana pazuri. Lakini angalia ndani: kwenye pete ya sentimita 1, vyumba 24 vina upana wa milimita 2.6 tu kila kimoja, na hakuna petali itakayoingia bila kuwa doa la wino. Ndiyo maana anayetaka 24 nje aanze na 12 ndani, kisha agawe kila chumba mara mbili kuanzia pete ya tatu.

Nane ni rahisi kuliko zote kwa sababu ni nyuzi 45, nusu ya kona ya mraba. Tano ni nyuzi 72, tumia kipimapembe. Saba haigawanyi nyuzi 360 sawasawa, iache mpaka uzoee.

Maumbo niyatoe wapi? Nimechoka kunakili ya mtandaoni.

Kwa anayeishi Nyanda za Juu Kusini swali hili lina majibu mengi mazuri, na ni vizuri kuyatumia.

Ua la pareto ni mandala tayari: kitovu cha njano kilichojaa vitone, kimezungukwa na petali nyeupe ndefu. Chukua ua moja, liweke mbele yako, utaona petali zake zina mikunjo miwili mitatu inayokwenda urefu wote na ncha yake ina meno madogo. Ukiiga ile mikunjo kwa mistari myembamba ndani ya kila petali, petali yako inaacha kuwa tone tupu. Ua la kahawa lina petali tano nyembamba zilizochongoka, kwa hiyo Mbozi ina mandala ya nyuzi 72. Ua la kiazi mviringo nalo ni la tano, ila petali zake zimeshikana kama nyota. Mufindi na Rungwe kuna chai: majani mawili na chipukizi, lile umbo lenyewe analolichuma mchumaji, linajaza chumba cha pembetatu vizuri ajabu, chipukizi likiwa kwenye mwale na majani yakilala pande mbili.

Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 na inayoitwa na wenyeji Bustani ya Mungu, ina okidi nyingi, na wengi hukimbilia kuweka okidi katikati ya mandala. Haikai. Ua la okidi halina miale. Pande zake hufanana ukilikata kwa mstari mmoja wa wima tu. Liweke kwenye pete ya nje, likirudiwa 12, kila moja likitazama kitovu, na litapendeza.

Alizeti inahitaji maelezo yake. Mbegu zake zimejipanga kwa mizunguko miwili inayopishana, mara nyingi 34 upande mmoja na 55 upande wa pili, kwa hiyo ukizichora kwa pete za kawaida hazitafanana na alizeti. Fanya hivi: bikari ikiwa bado kwenye nusukipenyo cha duara lako, weka ncha kwenye kila alama ya pembeni, na kila mara chora tao kutoka ukingo hadi ukingo. Kila tao litapita kwenye kitovu. Matao 12 yatatoa wavu wa vyumba vyenye pande zilizopinda, vidogo ndani na vikubwa nje. Matao 24 yatatoa wavu wa kukaribiana zaidi. Unapokuja kupitisha wino, ishia sentimita moja kabla ya kitovu. Matao yote yanakutana pale, na ukiyafikisha utapata doa jeusi.

Kuna pia vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu. Kigeuze kikapu utazame kitako chake: msukaji ameanza katikati na kuongeza kadiri anavyotoka nje, na mapambo yake yanaongezeka upana kwa hatua. Chora ile hatua, utapata pete ya ngazi isiyo na petali hata moja. Na kanga, tazama mji wake: mara nyingi umbo kubwa liko katikati na madogo kwenye kona nne. Hiyo ni mandala ya nne ndani ya mstatili, na ni zoezi zuri kwa karatasi ya A4 nzima.

Kalamu ipi ya kupitishia wino?

Kalamu ya ncha nyembamba isiyoyeyuka kwa maji. Unene wa milimita 0.3 kwa mapambo ya ndani, 0.5 au 0.8 kwa mipaka ya pete. Unene mmoja kila mahali hufanya mchoro uonekane wa kunakiliwa. Kujua kama wino unavumilia maji, chora mstari kwenye karatasi chakavu, subiri dakika tano, pitisha kidole chenye maji.

Bolpeni inawezekana, ila inakusanya wino kwenye ncha na kuudondosha kwenye kona. Ifute kwenye kipande cha karatasi kila baada ya mistari michache. Peni za jeli zinang'aa lakini zinachelewa kukauka.

Baada ya wino, subiri angalau robo saa kabla ya kufuta penseli. Msimu wa mvua subiri zaidi.

Kwa nini wino wangu unasambaa wakati wa masika?

Karatasi imenyonya unyevu. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, na kule Tukuyu hata karatasi iliyokaa mezani usiku mmoja huwa laini asubuhi. Nyuzi za karatasi yenye unyevu zimevimba. Wino unazifuata, na bikari inatoboa badala ya kuchoma. Tunza karatasi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, zikiwa zimelala bapa chini ya kitabu kizito, na utoe moja tu unayoitumia. Usiianike karibu na jiko la mkaa, itajikunja ukingoni na duara lako halitakuwa duara tena.

Juni na Julai tatizo ni lingine. Baridi ya Njombe na Makete huifanya nta ya kreyoni na ya penseli za rangi kuwa ngumu, rangi inatoka hafifu na mtu anaongeza nguvu mpaka karatasi inang'aa. Shika penseli kiganjani dakika mbili kabla ya kutumia, na ufanyie kazi karibu na dirisha linaloingiza jua.

Nichagueje rangi?

Nne zinatosha: iliyokolea, ya kati, nyepesi, na moja inayopingana na hizo. Mfano mzuri wa kuanzia ni bluu iliyokolea, bluu ya anga, njano hafifu na chungwa. Mwenye penseli 12 hushawishika kutumia zote, na matokeo yake macho hayajui pa kutua. Zijaribu pembeni zikiwa zimepakana kama zitakavyopakana kwenye mchoro, kwa sababu rangi ikiwa peke yake si sawa na ikiwa na jirani.

Idadi ya rangi unazozipokeza kwenye pete moja lazima igawanye idadi ya vyumba. Vyumba 12 vinakubali rangi 2, 3, 4 au 6. Vyumba 10 ukivipa rangi 3, cha mwisho na cha kwanza vitakuwa na rangi moja, vikiwa vimekaa bega kwa bega. Watu wengi hugundua hili wakiwa wamebakiza chumba kimoja.

Chagua rangi mchana. Taa yenye mwanga wa njano huifanya njano hafifu ipotee kwenye karatasi nyeupe. Umeme ukikatika usiku, endelea na penseli na mistari, rangi ziache hadi asubuhi.

Penseli za rangi zinaacha michirizi. Nifanyeje?

Paka tabaka jepesi, si nguvu moja. Penseli iwe imechongwa, ilale kidogo, mkono uende kwa mizunguko midogo inayogusana. Tabaka la kwanza liwe hafifu kiasi cha kuona karatasi. La pili lipite kwa mwelekeo mwingine. La tatu likoleze kingo na karibu na kitovu, ukiacha katikati ya petali pawe pepesi. Mwisho pitisha penseli nyeupe kwa nguvu juu yake, itaziunganisha tabaka na kufuta michirizi. Penseli nyeupe, ambayo wengi hudhani haina kazi, ndiyo inayoisha kwanza kwa wachoraji wazuri.

Rangi nyepesi hutangulia. Ukipaka bluu kwanza kisha njano pembeni yake, ncha ya njano itabeba bluu na kuchafua hadi chumba cha tatu. Weka karatasi safi chini ya kiganja wakati wote.

Penseli ikivunjika ndani kila unapoichonga, ilishaanguka na risasi yake imepasuka urefu wote. Hakuna dawa zaidi ya kuichonga taratibu kwa wembe, na kuzizuia nyingine zisianguke.

Nimekosea mstari kwa wino. Nianze upya?

Mara chache sana. Rudia lile kosa katika vyumba vyote na litakuwa pambo. Kama umepitisha mstari nje ya pete, nenepesha pete nzima mpaka iufunike. Doa la wino liwe kitone, kisha vyumba vyote vipate kitone. Anza upya pale tu migawanyo yenyewe ilipopinda, maana hiyo haifichiki.

Naweza kutoa fotokopi ili watoto wapake?

Ndiyo, na ni njia nafuu ya darasa zima. Chora kwa wino mweusi, si penseli, na usiache mistari ya msingi. Fotokopi ya mashine hutumia unga unaoshikishwa kwa joto, kwa hiyo penseli za rangi na rangi za maji haziivurugi mistari. Baadhi ya maka peni za spiriti huweza kuuyeyusha ule unga, mistari inachafuka na ncha ya maka inakuwa nyeusi. Kwa printa ya wino wa maji ni kinyume: rangi za maji ndizo zitakazoisambaza mistari.

Mtoto aanze na umri gani?

Wa miaka minne au mitano apake vyumba vikubwa, visivyopungua sentimita 3, kwa kreyoni nene. Wa saba hivi anaweza kuzungusha vizibo vya chupa na sarafu kuunda pete. Bikari apewe na mwalimu anapofika darasa la jiometri, au mapema kidogo mzazi akiwa karibu, kwa sababu ya ile ncha.

Kabla ya karatasi, jaribuni ungo na maharage. Nyanda hizi zina maharage ya njano, mekundu, meupe na ya madoadoa. Mtoto aweke moja katikati, azungushe pete ya rangi nyingine, na kuendelea hadi ukingoni. Akikosea anasogeza. Mkiishamaliza, yanarudi kwenye debe.

Inachukua muda gani?

Kwa mandala ya pete tano na vyumba 12, kuchora ni saa moja hadi moja na nusu, na kupaka saa mbili hadi nne. Gawa kazi: siku moja migawanyo, siku nyingine wino, nyingine rangi. Mkono ukianza kuuma kwenye kidole gumba, unaikamata penseli kwa nguvu mno. Pumzika dakika tano kila nusu saa.

Ni kweli inatuliza akili?

Kwa wengi, ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani Nancy Curry na Tim Kasser waliwachukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi mdogo, kisha wengine wakapaka mandala, wengine wakapaka mistari iliyokatana kama ya shuka la Kimasai, wengine wakapewa karatasi tupu. Wasiwasi ulipungua zaidi kwa makundi mawili ya kwanza. Angalia hapo: miraba nayo ilisaidia. Inaelekea kinachotuliza ni kuwa na mpangilio wa kufuata, wenye ugumu wa kiasi, kuliko duara lenyewe. Ndiyo maana mchoro wenye vyumba vidogo kupita kiasi huchosha, na wenye vikubwa mno huacha mawazo yazurure.

Mandala si tiba. Mwenye huzuni au kukosa usingizi kwa wiki mbili na zaidi aende hospitali akazungumze na mtaalamu, na penseli zake aende nazo akipenda.

Nitunzeje nilizomaliza?

Ziweke bapa kwenye faili la plastiki, karatasi safi kati ya moja na nyingine, kwa sababu nta ya penseli huhamia kwenye ukurasa unaoigusa. Ukiitundika ukutani epuka ukuta unaopigwa na jua; wino wa maka peni hufifia haraka, penseli hustahimili zaidi. Kwa picha ya simu, ilaze karibu na dirisha bila jua la moja kwa moja, simu iwe sambamba na karatasi, na usimame mbali kidogo kisha ukuze picha. Ukiipiga kwa karibu sana au kwa kuinamisha simu, duara linatoka likiwa yai.

Nyuma ya kila karatasi andika idadi ya vyumba, vipimo vya pete na majina ya penseli ulizotumia. Utakapotaka kuirudia au kutengeneza mwenzake, hutalazimika kupima upya.